Algeria Haina Mfalme

Kwanza tuelewane: mimi Kawira sikumpa mtu sumu. Wanaosema hivyo pale sokoni Isiolo wana midomo tu, na siku yenyewe hawakuwepo. Nilimpa bosi wangu maziwa. Maziwa safi, ya asubuhi ile ile, yaliyokamwa na watu wanaojua kukama. Kama hilo ni kosa nishtakiwe, na atakayeandika mashtaka ajue kwamba nitayasoma kwa furaha.

Mimi ni karani wa Bodi ya Ngamia. Ugatuzi ulipokuja kila mtu alipata bodi yake, na sisi tukapata ya ngamia: vyumba vitatu juu ya duka la simu, kando ya barabara kuu ya kwenda Moyale. Mkurugenzi ni Bwana Gathogo, mzaliwa wa Othaya, kule milimani kwenye chai na baridi. Ngamia na Othaya wamekutana wapi, usiniulize. Mimi mwenyewe ni Mmeru, kwetu ni miraa na ng'ombe wawili, lakini angalau sijawahi kusimama mbele ya watu nikasema ngamia ni damu yangu. Yeye husema hivyo kila mkutano.

Tena kuna kalenda. Iko ukutani katika kila ofisi kuanzia hapa mpaka Garbatulla na Sericho, na inamwonyesha Bwana Gathogo na kikoi begani, kichwa amekitupa nyuma, anapiga funda la maziwa ya ngamia. Picha ya kupendeza. Nilikuwepo ikipigwa. Yale maziwa yalikuwa ya ng'ombe, ya paketi, na paketi yenyewe nilikuwa nimeificha kwa mkoba wangu.

Ndiyo, umesikia vizuri. Mkurugenzi wa Bodi ya Ngamia hawezi maziwa ya ngamia. Wiki yake ya kwanza kazini alikunywa kikombe kimoja kwa wafugaji, akapotea siku tatu. Tuliambiwa ni malaria. Aliporudi aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tumbo lake na yale maziwa havipatani, na kwamba mimi ndiye mtu pekee anayeweza kumwamini. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo. Ujinga gani!

Shida ni kwamba huku mgeni au mkubwa hawezi kukwepa. Ukifika kwa wafugaji, maneno hayaanzi kabla ya maziwa. Unapewa chombo, unakunywa, ndipo mnajuliana hali: watu, mifugo, mvua, malisho, kimoja kimoja bila haraka. Shida iliyokuleta hutajwa mwisho kabisa. Ukikataa maziwa ni kama umemtemea mwenyeji mate miguuni. Kwa hiyo nikanunua chicho, kile chombo cha kusukwa cha Waborana, nikaifunga uzi mwekundu kwenye mshipi wake. Kila sherehe nilifika mapema, nikamimina paketi ndani, na nikahakikisha ile ya uzi mwekundu inaishia mkononi mwa bosi. Miaka sita. Hilo ndilo limekuwa ujuzi wangu mkubwa, na halimo kwenye karatasi yoyote.

Na miaka yote sita nimefanya kazi kwa barua za miezi mitatu mitatu. Barua ishirini na nne. Kila ikiisha naenda kusimama mbele ya meza ya Bwana Gathogo na mikono nyuma, naye anatazama dari anajifanya anafikiri. Sijui kama umewahi kupanga maisha ya miezi mitatu. Mwenye nyumba anakuuliza utakuwepo hadi lini, na wewe unamwambia ngoja nimuulize mtu fulani. Nimechoka, haki ya Mungu. Nilichotaka ni kuajiriwa kwa kudumu, basi. Barua ya kuniajiri niliichapa mwenyewe mwaka juzi, kwa amri yake, na ikakaa kwa droo yake ikingoja sahihi.

Ndipo tukaambiwa Algeria wanakuja.

Walikuwa wageni wawili. Daktari Mokhtar, mtaalamu wa kutibu ngamia, alikuwa anatoka Tamanrasset, kusini kabisa mwa Algeria. Bi Nassima, mkuu wa ziara, ni wa milima ya Kabylia kule kaskazini. Walitaka kuona kama wanaweza kushirikiana na akina mama wauzaji maziwa, wale wa Mama Qabale, ambao kila wiki humwaga mitungi mizima kwa sababu maziwa yamesafiri kutoka Sericho juani hadi yakaharibika. Mashine za kupoza, madaktari wa mifugo, mambo makubwa. Mama Qabale alinishika mkono akaniambia, "Kawira binti yangu, hawa watu wasitoroke."

Bosi akaniita. "Tafuta habari muhimu za Algeria. Nchi, watu, serikali. Ukurasa mmoja. Mambo yakienda vizuri," akapiga ile droo vidole viwili, "natia sahihi siku hiyo hiyo."

Wee! Nilisoma siku mbili sijui njaa. Na nikwambie ukweli, niliipenda ile nchi. Nilifurahia kujua kitu ambacho hakiishi baada ya miezi mitatu. Nikachapa ukurasa wangu mmoja, safi, nikampelekea.

Aliutazama jinsi mtu anavyotazama bili. "Hii ni kazi nyingi," akasema. "Si tuko na ile ya Moroko?"

Hapo roho ikanishuka. Miaka miwili nyuma wageni wa Moroko walikuwa waje, na Bwana Gathogo aliandika hotuba yake mwenyewe, akaifanyia mazoezi dirishani wiki nzima hadi watu wa duka la simu wakaijua kwa moyo. Wageni hawakuja. Hotuba ilimkaa kooni.

Sasa lazima ujue ofisi yetu inavyofanya kazi. Sisi hatuandiki kitu kipya. Mpango wa mwaka huu ni wa mwaka jana, tumebadilisha tarehe. Ripoti ya ukame ya Sericho ni ile ile tangu niajiriwe, tunabadilisha mwaka tu, na kwa bahati mbaya huwa ni ya kweli. Basi bosi akafungua hotuba ya Moroko kwenye kompyuta, akaiamuru ibadilishe Moroko iwe Algeria, na Rabat iwe Algiers. Mara moja tu, tap! Akachapisha, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Uso wake ulikuwa umejaa raha.

Nikaisoma nakala iliyobaki kwenye kompyuta. Mfalme alikuwemo mara tatu. Ufalme wa Algeria. Mtukufu Mfalme wa Algeria. Kiti kitukufu cha enzi huko Algiers.

"Bosi," nikamwambia, "Algeria haina mfalme."

"Iko na nini?"

"Rais. Ni jamhuri, kama sisi."

"Kawira, Waarabu wote wako na mfalme."

"Si wote. Na hawa si Waarabu peke yao, kuna Waamazigh, walikuwa huko kabla ya Waarabu kufika. Mfalme ni wa Moroko."

"Na si hao ni majirani?"

"Majirani waliofunga mpaka tangu mwaka wa tisini na nne! Juzi juzi, ishirini na moja, wamevunja hata uhusiano wa kibalozi. Bosi, ni kama mtu aje Othaya akwambie, karibu sana mtu wa Meru."

"Hiyo ni tofauti," akasema, na nikaona amechukia kweli.

Nilimwambia tena kesho yake, kwa upole, nikiwa nimempelekea chai. Akanijibu kwamba karani ni wa kuchapa, si wa kufundisha. Akaongeza jambo lililoninyima usingizi: kwamba kukitokea kosa lolote katika hotuba, litakuwa kosa la chapa, na watu wanajua nani huchapa. "Barua yako inaisha Ijumaa," akasema. "Usinilazimishe nifikirie sana."

Wageni walikuwa wanafika Alhamisi.

Alhamisi asubuhi tukawa uwanja wa soko la mifugo, tenti mbili, viti vya plastiki, spika zinalia. Mvua ilikuwa imenyesha wiki ile na vumbi limetulia. Akina mama wa Mama Qabale walikuwa wamepanga chicho zao mezani, na mitungi ya maziwa ya alfajiri pembeni. Niliweka yangu ya uzi mwekundu katikati. Paketi ilikuwa kwa mkoba.

Nilimwendea bosi mara ya tatu. "Bosi, nakuomba. Nimekuja na ule ukurasa wangu. Soma huu, hata kama hutasema mimi ndiye niliandika."

Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Ukitaja huyo mfalme tena," akasema, "ile barua ya droo naichana mbele yako. Enda ushughulikie maziwa yangu."

Maziwa yake!

Nikarudi mezani. Nilikuwa na hasira, na nyuma ya hasira kulikuwa na woga, na nyuma ya woga nilimwona Mama Qabale amevaa shuka yake mpya, anapangusa mitungi ambayo tayari ilikuwa safi. Hesabu ilikuwa rahisi. Akiisoma ile karatasi, wageni wanaenda zao, akina mama wanaendelea kumwaga maziwa, na kesho Ijumaa mimi ni kosa la chapa. Nilitia mkono kwa mkoba, nikaishika paketi. Ilikuwa bado baridi kidogo. Nikaiachilia.

"Mama Qabale," nikasema, "nijazie hii ya mkurugenzi."

Akaniangalia. Miaka yote ile mimi ndiye nilikuwa naijaza mwenyewe, na yule mama si mjinga. "Nijaze na gani?"

"Na ya ngamia."

Akajaza mpaka juu kabisa. "Bismillahi," akasema, na nadhani alikuwa anaiombea ile chicho.

Wageni wakafika saa nne. Salaam aleikum, aleikum salaam, mikono ikashikwa. Mkalimani wao, msichana wa Nairobi anaitwa Sheila, alikuwa anahangaika na viatu vyake virefu kwenye mbolea. Maziwa yakatolewa. Daktari Mokhtar akashika chombo kwa mikono miwili, akanywa yote, akafunga macho. Bwana Gathogo akainua yake mbele ya kamera, akatupa kichwa nyuma kama kwenye kalenda, akavuta funda la kwanza.

Akasimama. Macho yake yakanitafuta kati ya watu, yakanipata.

Nilitazama chini. Kwani angefanya nini? Kamera zinamwangalia, daktari wa Tamanrasset amemaliza yake, na akina mama ishirini wamesimama wakingoja aone ladha. Hakuna mahali pa kutema. Alikunywa, funda moja baada ya jingine, na Mama Qabale alipoona imeisha akamwongezea, kwa heshima.

Kisha tukazunguka soko saa nzima. Watu, mifugo, mvua, malisho. Daktari Mokhtar alikuwa anafungua midomo ya ngamia na kuuliza maswali, na bosi alikuwa anajibu mafupi mafupi. Mara ya mwisho alijibu kwa kichwa tu. Uso ulikuwa unang'aa jasho, na tumbo lake nilikuwa nalisikia mimi niliyekuwa hatua tatu nyuma. Moyo uliniuma kidogo. Kidogo tu, halafu nikakumbuka "wanajua nani huchapa" na ukapona.

Tukarudi kwa tenti. Mfawidhi akamkaribisha mkurugenzi. Akasimama, akatoa ile karatasi kwa koti, akaikunjua, na mimi nikashika kiti kilicho mbele yangu kwa mikono miwili.

"Wageni wetu watukufu," akaanza. "Kwa niaba ya Bodi ya Ngamia, naleta salamu zetu kwa Mtukufu..."

Akashika meza. Watu wakadhani ni hisia zimemjaa, wengine wakaanza kumpigia makofi ya kumtia moyo.

"Kawira," akasema kwenye maikrofoni, sauti imepanda juu. "Kawira, malizia."

Akaondoka. Alikuwa anatembea taratibu na miguu karibu karibu, kama mtu aliyebeba trei ya mayai, kisha alipopita tenti ya pili akasahau heshima akakimbia. Karatasi alienda nayo. Ilirudi? Haikurudi. Choo cha soko hakina karatasi, hilo kila mtu analijua, na mimi sikuuliza.

Nikasimama. Ukurasa wangu ulikuwa kwa mkoba pamoja na ile paketi, lakini sikuuhitaji.

"Azul," nikasema. Hiyo ndiyo salamu ya Waamazigh. Bi Nassima alikuwa anatazama simu. Akainua kichwa haraka.

Nikawaambia wafugaji wetu kwamba wageni hawa wanatoka nchi kubwa kuliko zote Afrika, kubwa kiasi kwamba Kenya ingeingia ndani mara nne. Kwamba zaidi ya asilimia themanini yake ni jangwa la Sahara, na watu wengi sana, karibu wote wa milioni arobaini na tano, wamejibana kaskazini kando ya bahari ya Mediterania, na mji mkuu, Algiers, uko huko huko ufukweni. "Kwa hiyo," nikasema, "serikali iko mbali upande mmoja, na ngamia wako upande mwingine." Watu wa Sericho wakacheka hadi wengine wakapiga mapaja. Nikasema lugha zao rasmi ni mbili, Kiarabu na Kitamazight. Nikasema walipigana na Mfaransa karibu miaka minane, wakapata uhuru tarehe tano Julai sitini na mbili, mwaka mmoja na miezi kadhaa mbele yetu. Nikasema wana rais, wana bunge la mabaraza mawili, na wana wilaya hamsini na nane. "Sisi pia tulikuwa na wilaya," nikamalizia. "Tukazifuta, tukapata kaunti arobaini na saba, na bodi." Hapo hata mfawidhi alicheka, na yeye analipwa na bodi.

"Ni jamhuri," nikasema mwisho, polepole, nikiangalia kule upande wa choo. "Hawana mfalme."

Sheila alipomaliza kutafsiri, Bi Nassima akasimama, akaja mpaka mbele, akanikumbatia. Akasema wamezunguka nchi nyingi, na si mara moja wamekaribishwa kwa bendera ya jirani yao. Akamwambia Sheila aniambie kwamba nyumbani kwao huko Kabylia mama yake ndiye alikuwa akimsalimia hivyo, kwa "Azul". Mama Qabale hakungoja tafsiri, alipiga vigelegele. Kabla ya chakula makubaliano yalikuwa yametiwa sahihi, juu ya meza ile ile ya maziwa. Redio ya mtaa ikatangaza jioni kwamba mkurugenzi ametoa hotuba ya kugusa mioyo, kwa sababu ndivyo ratiba ilivyoandikwa.

Ijumaa, siku ya barua yangu kuisha, Bwana Gathogo alifika saa tano. Alikuwa amepungua. Aliingia bila kusalimia, akafunga mlango, akakaa juu ya kiti chake kwa uangalifu mkubwa.

"Fungua kompyuta," akasema. "Andika barua ya kufutwa kazi."

"Ya nani, bosi?"

"Yako."

Nikafungua. Karani ni wa kuchapa, si aliniambia? Vidole vilikaa mahali pao.

"Andika: Kwa Kawira. Kuhusu utovu wa nidhamu wa hali ya juu." Nikachapa. "Mnamo Alhamisi, katika soko la mifugo, mbele ya wageni wa kimataifa, wewe kwa makusudi, na huku ukijua madhara yake..." Nikachapa, sikukosea hata herufi moja. "...ulimpa Mkurugenzi wa Bodi ya Ngamia..."

Akanyamaza.

Nilingoja. Chini kwa duka la simu kulikuwa na mtu anabishania chaja. Ukutani, nyuma ya kichwa chake, yeye mwenyewe alikuwa na kikoi begani, anakunywa. Barua kama hii huenda na nakala kwa wanachama wote wa bodi, kwa wawakilishi wa wafugaji, na kwa faili.

"Nilimpa nini, bosi?" nikauliza.

Alitazama dari, na safari hii nilijua alikuwa anafikiri kweli.

"Niandike nilimpa nini?"

Kisha mkono wake ukashuka polepole, ukavuta droo, ukatoa ile barua yangu ya mwaka juzi iliyoanza kuwa njano pembeni. Akaiweka mezani bila kunitazama.

"Kalamu iko wapi?" akasema.